Kahawa ya Kutafuna

Jumanne usiku

Wala sikumdanganya yule nesi wa kliniki. Aliniuliza kama nakunywa kahawa, maana huingia kwenye maziwa ikamkosesha mtoto usingizi, nikasema hapana. Hapa kwetu tunaitafuna.

Kila mgeni anayekuja kumwona mtoto anakaribishwa kwa kikapu kidogo cha punje kavu za kahawa, nami lazima nitafune naye. Usiku mtoto halali, analia tu. Nimechoka mimi.

Leo kaja shangazi yake mume wangu kutoka Ihembe. Nikamwambia, "Shangazi, naomba unisamehe, mimi sitafuni, nanyonyesha." Akarudisha punje zake kikapuni, akaondoka bila hata kumbeba mtoto.

Mama mkwe akasema, "Umetuaibisha. Mumeo nilimnyonyesha nikitafuna hizohizo." Tangu hapo hanisemeshi. Mume wangu naye kala, kaenda zake kulala.

Mtoto amelala mapema leo, kwa mara ya kwanza. Sina wa kumwambia.