Maganda Yaliyopondwa

Dada yangu,

Huku hatujambo. Mbuzi niliotoroka nao wamenenepa. Majani ya lukina nawachanganyia kidogo na nyasi, maana yakizidi huwanyonyoa manyoya. Maganda ya mgunga nayo yameongeza maziwa, hata mtoto amepata mashavu.

Maganda hayo nawamwagia mazima. Najua nguvu iko kwenye mbegu, na mbegu isiyopondwa hutoka na mavi kama ilivyoingia. Lakini niliapa sitaponda tena. Unamjua shemeji yako: akiona ganda zima horini, mchi huhamia mgongoni kwangu.

Dada, leo asubuhi nimekuta hori limejaa maganda. Yamepondwa laini.

Nikadhani ni jirani. Nilipomwuliza alicheka: "Mama we, nani ana muda wa kuwatwangia mbuzi?"

Umemwambia nani tuliko? Usijibu kwa barua, njoo utuchukue. Kinachonitetemesha zaidi ni hawa mbuzi. Mgeni akisogelea zizi tu, hupiga kelele hadi mtaa mzima ukaamka. Usiku wa kuamkia leo hakulia hata mmoja.

Ni mimi, mdogo wako