Picha Yangu Juu ya Kibodi

Alhamisi, 6 Desemba 2001

Nimesema! Mimi, ninayeona haya hata kuitikia salamu za wageni.

Wiki nzima kompyuta yetu ikiwashwa inakwama mwanzoni, inaandika kwa Kiingereza kwamba kibodi ina hitilafu. Baba akaamua kuirudisha dukani kesho. Na mimi hapa Kyela nitajifunzia wapi tena kuchapa?

Leo niliinua kitambaa alichokifuma Mama kufunikia kibodi. Huwa hataki kiondolewe kabla mashine haijawaka, eti vumbi. Juu yake ameweka picha yangu ya kumaliza shule, fremu nzito kweli, nayo ilikuwa inabonyeza vitufe. Nikaiondoa, nikawasha upya. Ikapita bila kusita.

"Sasa nikuweke wapi, mwanangu?" Mama akalalamika. "Pale kila mgeni alikuwa anakuona."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe umeikalia mwenyewe! Lakini boksi la kuipakia nimeshatafuta, na muuzaji ananisubiri."

Nikajikaza, nikasema: "Baba, naomba isirudi. Naihitaji."

"Si ungesema, mama," akanijibu, na boksi akampa Mama, kuku wake apate pa kuatamia.