Mashini Yako Inasema Babu Yako Alitia Kidole Akiwa Kaburini

Murhula mujukuu wangu,

Miaka mitatu sijaona mguu wako kwa mulango wangu. Simu unapiga, ndiyo, kila siku ya Mungu, unaniuliza kama magoti inauma. Inauma. Kuja uione. Mutu hakumbatie simu. Kama huko Nairobi wanakudanganya kwamba sauti inatosha, mimi nasema haitoshe, na leo niko na sababu ingine ya kukugombeza.

Maneno haya nayasema kwa kinywa. Maman Sifa, jirani yetu hapa Kasha, njo anaandika, sababu masomo ilinipita kando. Nimemukataza kulainisha hata neno moja.

Unakumbuka siku babu yako alinipa parseli, kiwanja hiki cha nyumba yetu? Ulikuwa na miaka kumi. Asubuhi ile mimi na wewe tulikuwa tunapanda maharagwe ya mvua ya pili, akatuita tungali na udongo kwenye kucha. Walikuwa wamemaliza kupima kwa kamba na kuchomeka miti ya mupaka, mashahidi wameketi wanakunywa kasiksi yao ya ndizi. Babu yako alikuwa anajua ndugu zake. Alijua siku akifunga macho watakuja kunitoa kwenye nyumba kama mutu anatoa kuku jikoni. Kwa hiyo alitaka karatasi, na karatasi ilikuwa tayari, mwandishi aliituma imekosa tarehe tu. Wazee wakatazamana. Musomi wa pale alikuwa wewe. Akakupangusa vidole na shati lake mwenyewe, akakuambia: "Andika siku kwanza. Kisha mwezi. Kisha mwaka."

Ukaandika kumi na moja, ukakata mustari, ukaandika mbili, ulimi inje kama mutu anapitisha uzi kwenye sindano. Yeye akatia kidole chake cha wino chini ya namba zako. Mwezi wa sita, tarehe makumi mbili, akafunga macho, tukamuzika. Vumbi ya siku ile ningali naisikia kwa meno.

Sasa sikia. Mwaka huu watu wa muradi wa kuandikisha viwanja walipita kwa kila nyumba, wakapiga picha makaratasi ya parseli na ya vifo ili mashini iyasome na kuyatunza. Wakasema aliyeifundisha mashini kusoma tarehe ni mutoto wa hapa hapa, Murhula. Nilivimba kichwa, sifichi. Niliwatolea viti vya wageni. Kisha majibu ikarudi: muzee amekufa tarehe makumi mbili ya mwezi wa sita, na kidole ametia tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja. Mwaka uleule.

Walisoma vile mbele ya watu. Cirhuza, mudogo wa babu yako, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia: "Kumbe ndugu yangu alitoka kaburini kuja kukupa parseli, shemeji. Alipita muchana ao usiku?" Nikamujibu: "Alipita muchana, na alishangaa kukukuta umesimama, yeye hakukuonaka ukisimama siku ya kazi." Watu walicheka, lakini parseli yangu haikurudi kwa kicheko. Cirhuza anasema karatasi ni ya uongo, kiwanja ni cha ukoo, maana yake ni chake.

Nilipokuuliza kwa simu, ulinieleza taratibu kama mwalimu. Kwamba mashini haijue siku ni nini, inaandikiwa alama: kamustari kamelala kati ya viduara viwili, kando yake d ni siku, m ndogo ni mwezi, Y kubwa ni mwaka. Kwamba ukiweka M kubwa, mwezi unageuka dakika. Kwamba wewe uliacha mupango wa watu wa ng'ambo ubakie ndani yake, mwezi mbele, siku nyuma. Na kwamba ilipokuta makumi mbili mbele, ikaona hakuna mwezi wa makumi mbili, ikageuza yenyewe, kimya.

Hapo njo ulinikasirisha. Ile kumi na moja ilipita kwa sababu miezi inafika kumi na mbili. Sawa. Lakini mashini yako iliona imekosea kwa tarehe ya kifo, na haikurudi kuangalia zingine? Mutu mwenye haya angerudi. Mimi sina hata darasa moja, na ningerudi. Tena ningeuliza: Novemba ile, mvua inamwagika, nani anapima kiwanja kwa kamba? Novemba ile kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani.

Wale wa muradi wamenipikia dawa yao. Eti niandikishe karatasi mupya, tarehe ya leo, mimi na Cirhuza tutie kidole pamoja, maneno iishe. Nilikataa. Wakarudi, nikakataa. Siku nikitia kidole kwa tarehe ya leo, nimekubali kwamba babu yako hakunipa kitu. Na namba unazoziita kosa ni mukono wako, Murhula. Mashini uliyofundisha wewe inakuita muongo, wewe wa miaka kumi. Mimi siwezi kukubali hilo hata mukinifunga.

Na siko peke yangu. Huku kuna wajane wengi wenye siku ndogo kwenye makaratasi yao, zisizopita kumi na mbili, na hawana mujukuu wa kugombeza.

Ninakupenda na moyo unauma nikisema. Nakushika kwa nguvu mpaka mbavu zako zilie.

Kikao cha mwisho cha kukata maneno ya parseli ni mbele ya mvua kuanza. Ukifika Bukavu usipitie Nyalukemba kusalimia marafiki, kuja Kasha moja kwa moja na mashini yako. Uiandikie siku mbele, mwezi katikati, uisomeshe makaratasi yote upya, si yangu tu. Kisha usimame karibu na Cirhuza, useme kwa sauti watu wa nyuma wasikie, kwamba aliyekosea ni wewe.

Koko yako