Nimeng'oa Mchunga wa Faki

Jumapili, Aprili mwanzoni. Sanyuanli. Rasharasha tangu alfajiri, na kuta zinatoka jasho.

Msioijua Guangzhou, huu ndio msimu wake wa unyevu. Joto linarudi ghafla baada ya baridi na nyumba nzima inalowa bila mtu kumwaga maji. Sakafu inateleza, nguo zina wiki kwenye kamba na hazijakauka, mkate wa juzi umeota ukungu. Nami nimekaa humo humo na nguo zangu za eda, siendi popote. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Nimeshapita miezi miwili na nusu.

Mliozoea kuja kwenye ukurasa huu kusoma bei za magauni ya soko la Shisanhang, mnisamehe. Leo sina bei.

Faki wangu alifariki Januari, ghalani, akifunga katoni za mteja. Moyo, walisema. Wanaume wakamzika hapa hapa, na mimi nikabaki ndani na wanawake wenzangu, kwa hiyo mpaka leo sijaliona kaburi la mume wangu. Sasa ni Qingming, Wachina wanakwenda kuyasafisha makaburi ya wazee wao. Asubuhi nilimwona mwenye nyumba wetu, Mama Liang, akiteremka ngazi na wanawe. Walibeba maua, machungwa na nguruwe mzima wa kuokwa kwenye sinia. Nilifunga mlango nikalia. Nimewaonea wivu watu wanaokwenda makaburini.

Bustani iko juu ya paa, ghorofa moja tu kutoka mlangoni kwetu. Ni ya Faki, si yangu. Yeye mtoto wa Wete, Pemba, mtu ambaye hata akikaa mjini miaka ishirini mkono unamwasha kwa jembe. Alikuwa akiokota maboksi ya foamu yanayotupwa na wauza samaki, anayatoboa chini, anayajaza udongo. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Mboga naijua ikiwa imefungwa fungu na ina bei. Kila nikimwona anapandisha ndoo ya samadi ya kuku nilikuwa nikimwambia, Faki, watu wamekuja China kutafuta maisha, wewe umekuja kulima. Anacheka tu.

Nilipoanza eda, swali langu la kwanza lilikuwa la kijinga, lakini nililiuliza. Paa ni ndani au ni nje? Nilimpigia shangazi Unguja, naye akamwuliza sheikh wa mtaani kwao. Jibu likarudi siku ya pili kwamba ikiwa napanda kwa ngazi ya ndani na hapana njia ya watu huko juu, paa ni nyumba. Basi nikapata pa kwenda.

Sikupanda huko juu kwa sababu nimependa kilimo ghafla. Kuna jambo sijamwambia mtu, na leo nalisema.

Wiki ile aliyofariki tuligombana. Mimi nilitaka turudi nyumbani, yeye akataka tumalize mwaka. Nikamwambia maneno mengi, na la mwisho lilikuwa hili: miaka tisa, Faki, na nchi hii hata jani la mchunga haina. Kwa mlio bara, mchunga ni mboga ya majani, chungu kwelikweli. Unaufikicha kwa chumvi, unaukamua, unautia tui zito. Sisi watu wa visiwani tunaupenda, na mimi nilikuwa nikiuota usingizini. Papa mkavu tunampata mtaa wa Yide Lu, nazi tunazipata, mchunga hatuupati kwa dawa.

Nilipomaliza maneno yangu, alicheka. Nami sikuona cha kuchekesha. Nikaona mwanamume huyu ananidharau, nalia mbele yake yeye anacheka. Nikamnunia siku ya kwanza, nikamnunia ya pili. Siku ya tatu asubuhi alisimama mlangoni anavaa viatu, akanitolea salamu kama kawaida yake. Nilikuwa jikoni na nilimsikia vizuri. Kuitikia salamu ni wajibu, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua.

Sikuitikia.

Saa nane mchana nikapigiwa simu.

Sikupata kumwomba radhi, na mke kuachwa na mumewe katika hali ile ni mzigo, si mchezo. Nikaona nimwombe kwa njia niliyoiweza. Nikaweka nia kwamba kila alichokipanda Faki kitakuwa hai siku nitakapotoka eda. Hicho tu. Nikikitimiza hicho, labda na yeye huko aliko atanisamehe.

Na mpaka asubuhi ya leo nilidhani nakitimiza. Matembele yaliyokauka kwa baridi yamerudi yenyewe, yanamwagika nje ya maboksi. Bamia nimeziona zimetoka juzi, mbili mbili, na magamba ya mbegu bado kichwani. Mpapai wa kwenye pipa ulibaki gongo tupu mwezi wa pili nikausomea dua, na sasa una majani matano. Forosadi za Mama Liang zimeanza kuiva upande wa pili wa paa, ananichumia kibakuli kila siku, ananiwekea mlangoni bila kubisha hodi. Nimejifunza kuua konokono. Mimi, niliyekuwa nikipiga mayowe nikimwona mjusi.

Kulikuwa na boksi moja ukutani ambalo Faki alilifunika nailoni kabla hajafa. Nilidhani ni udongo ameuhifadhi. Mwezi wa tatu, joto liliporudi, nikalifunua, na baada ya mvua kadhaa likajaa vimajani vidogo, vina meno meno pembeni, vimelala chini chini. Sikuvijua. Nilimwonyesha Mama Liang, naye analima paa hili tangu kabla sijaja. Aliinama akavitazama, akasema “cao”, yaani majani tu, akatikisa mkono.

Basi nikavipalilia, wiki mbili zilizopita. Nilitumia kisu cha jikoni nitoe na mizizi, kwa maana Faki alikuwa akisema gugu lisipotolewa mzizi ni kazi bure. Nilivitoa kimoja kimoja, nikavitia kwenye mfuko wa taka, nikateremsha taka mwenyewe mpaka kwenye kikorido chetu. Nikapanda giligilani mahali pake. Nikapiga na picha. Nilijisifu siku ile, nasema ukweli, nikasema Faki angeniona asingeamini.

Leo adhuhuri amekuja Bi Rukia. Ni mama wa makamo, anafanya biashara ya madera, anakuja Guangzhou mara mbili tatu kwa mwaka na ndiye anayetuletea vitu vya nyumbani. Hakuwepo wakati wa msiba, kwa hiyo amekuja kunihani. Amenikumbatia, tumelia, tumesoma Fatiha, nikampa chai. Akanipa habari za soko, kwamba laopan wake, mwenye duka anayemuuzia, amemzungusha siku tatu, kila akiuliza mzigo anaambiwa “mingtian”, kesho. Nilicheka kidogo. Halafu akashusha kikombe.

“Haya mwanangu Raya, na ule mchunga ushaota?”

“Mchunga gani, Bi Rukia?”

“Wa Faki, yakhe. Mbegu nilizomletea safari ile ya mwezi wa kumi na moja. Mama yake kazikusanya kwa mkono wake kule Wete, kanifungia kwenye kikaratasi. Faki akanikataza nisikwambie. Ati anangoja baridi ipungue, uje uuone mwenyewe umesimama.”

Nilikwenda kuleta simu, nikamwonyesha picha niliyoipiga kabla ya kupalilia. Akaisogeza karibu na macho, akaikuza kwa vidole.

“Ndio huo,” akasema. “Mashaallah, umeota wote.”

Ikabidi nimwambie.

Bi Rukia hakunilaumu. Amevua viatu vyake vizuri, amejitanda mtandio, akasema, twende juu. Tumechutama mvuani wanawake wazima wawili, tunachakura boksi la giligilani kwa vijiko. Akasema mchunga ni mkaidi, kwao shambani unaufyeka asubuhi jioni umerudi, lazima umebaki hata mmoja. Tumetafuta kwenye boksi, tumetafuta kwenye nyufa za sakafu, tumekwenda mpaka kwenye maboksi ya Mama Liang. Mara moja alichuma jani, akalitafuna, na mimi nikasimama namtazama mdomo. Akalitema.

“Siyo,” akasema. “Hili ni la Wachina.”

Hatukuupata. Ulikuwa mchanga mno, na mimi niliutoa na mizizi kama nilivyofundishwa na Faki mwenyewe.

Kumbe ndicho alichokuwa akikicheka. Nilikuwa nikilia kwamba nchi hii haina mchunga, na mchunga ulikuwa juu ya kichwa changu, chini ya nailoni. Alikuwa ameficha zawadi na mimi naililia mbele yake. Nani asingecheka? Siku mbili zile alizovumilia kununiwa angeweza kusema neno moja tu tukapatana, hakusema, kwa sababu alitaka niuone mwenyewe. Na mimi nikauona. Nikauchukulia kisu.

Bi Rukia ameniambia, tukiwa bado juu, “Mtu asiyekuwa radhi na mkewe hampandii mchunga. Litue hilo, mwanangu.” Najua amesema kweli. Lakini halijanipoza. Lingenipoza kama mchunga ungekuwepo. Sasa najua kwamba radhi niliyoililia miezi miwili na nusu nilikuwa nayo, imeota, na nimeitia kwenye mfuko wa taka nikaiteremsha ngazi. Akasema ataniletea mbegu nyingine safari ijayo. Nikamwambia asiniletee. Sitaki mchunga, nilitaka ule.

Kabla hajaondoka akanambia jambo moja zaidi. “Mpigie mama mkweo. Anauliza kila nikipita. Anaona haya kukuuliza wewe.”

Nimempigia saa kumi na moja, huko kwao ni adhuhuri. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, na tangu mwanawe afe yamepungua zaidi. Amefiwa na watoto watatu, na huyu Faki hata maziko yake hakuyaona. Tumeulizana hali, mvua, mguu wake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote na kumwomba msamaha. Nilikuwa na maneno tayari.

Akanitangulia.

“Mwanangu, zile mbegu. Ziliota?”

“Ziliota, mama. Zote.”

Nikasikia jogoo nyuma yake, na mtu anatwanga.

“Na Faki aliuona?”

Mchunga uliota mwezi wa tatu. Faki alikuwa ardhini miezi miwili.

“Aliuona, mama,” nikasema. “Alikuwa akipanda juu kila asubuhi kuutazama.”

Akashusha pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi, akaisema tena. Akaniuliza uliota mnene au mwembamba. Nikamwambia mnene. Akaniuliza kama tuliula pamoja. Nikamwambia tuliula, mama, kwa papa, na akaongeza. Akacheka, mara ya kwanza tangu Januari, kicheko kile kile cha mwanawe, na ikanibidi nijikaze nisikate simu.

Sijui uongo huu utaandikwa wapi. Mjane katika eda, kwa mama wa marehemu, juu ya chakula ambacho hakikuliwa. Ninalolijua ni la kesho tu. Atapiga, maana amesema atapiga aniulize niliupikaje. Nami nitamwambia, tui la kwanza, tui la pili, chumvi kiasi gani, mpaka aridhike.