Jina Katika Kitabu cha Wafungwa

Cutler's Ford, Missouri
9 Oktoba 1934

Mwanangu Delphia,

Nina miaka themanini na mmoja. Nimewazika mameya watano, farasi kumi na mmoja, na yule daktari aliyesema sitamaliza msimu wa baridi. Mimi mzima, goti tu. Wewe na mumeo hamjambo?

Jana nimekamata mtu! Peke yangu! Amepanga kwa mjane Stancil wiki nzima, anauliza magari gani yalivuka daraja siku benki ilipoibwa. Nikamwambia, "Mikono juu, kijana."

Akacheka. "Babu, bunduki hiyo ina kutu."

"Kutu iko nje, risasi ziko ndani."

Akatoa beji ya wapelelezi wa serikali kuu, ya Washington. Beji! Fundi bati yeyote anaichonga. Mimi nimelinda mji huu miaka thelathini, kabla jimbo halijawa na askari hata mmoja, na huyo Washington hakuwahi kunisalimu.

Nimemfungia katika selo yetu ya mawe. Nilipostaafu ufunguo sikuurudisha. Mwambie mumeo Royce, maana sherifu wa kaunti ni yeye, aje amchukue.

Baba yako,
Amos Tuttle

Harlow
11 Oktoba

Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti lifunge flana.

Royce alisoma barua yako mara mbili, nyama ikapoa mezani. Anasema umefanya vyema. Atakuja mwenyewe Jumamosi asubuhi, kwa njia ya nyuma ya kinu cha kusagia nafaka. Usiwapigie simu askari wa jimbo, na usimwandike mtu huyo katika kitabu cha wafungwa. Anauliza pia nani mwingine amemwona.

Baba, tangu lini Royce akaacha nyama?

Mwanao,
Delphia

Cutler's Ford
14 Oktoba

Delphia mwanangu,

Salamu nyingi. Kaa kitako kwanza ndipo usome.

Barua yako ilifika Ijumaa. Unajua kusoma kwangu ni kwa kidole. Kilipofika kwenye kitabu, kidole kikasimama. Mfungwa asiyeandikwa ni kama hakufungwa. Akipotea, hana wa kumdai. Sherifu wa kweli huuliza mtu kafanya nini. Royce kauliza nani kamwona.

Lakini mimi nilishamwandika siku ile ile nilipomkamata, kwa mwandiko wangu wa miguu ya kuku: Leland Voss, saa nane mchana. Ijumaa hiyo nikampelekea maharage na mkate wa mahindi.

"Beji yako ya kweli?"

"Nimekwambia siku nne, Babu."

"Unamfuata nani?"

Akaangalia sahani. "Mkweo. Wezi wa benki hupita darajani kwa ruhusa yake."

Nikamfungulia. Nikamwambia akawaite hao askari wa jimbo, waingie kinuni wakae kimya.

Jumamosi Royce alikuja na watu wawili, hana nyota ya sherifu kifuani, garini ana makoleo na chokaa, vya kuzikia mtu. Akanikuta mimi ndani ya selo, bunduki mapajani.

"Mzee, mfungwa yuko wapi?"

"Yuko kitabuni, mwanangu. Kasome."

Alipogeuka, kinu kilikuwa kimeshatema askari sita, pingu mkononi.

Nilimshuku asiyestahili, na aliyestahili nilimkabidhi binti yangu kwa mkono wangu huu. Hilo sijivunii. Chumba chako nimekifagia. Rudi.

Huko Harlow watakwambia mzee anaota. Muulize mjane Opal Stancil, msimamizi wa posta. Ndiye aliyetia sahihi ya shahidi chini ya jina la Voss, na kitabu kiko kabatini mwake, kimefungwa.

Baba yako,
Amos Tuttle