Furaha, Wamenialika Kwenye Programu ya Wanafunzi Bora

Mpendwa dada yangu Furaha,

Wamenialika! Mimi Zuhura, binti wa fundi cherehani wa Mwanga, Kigoma, nimealikwa kwenye programu ya wanafunzi bora wa chuo kikuu, na tangu nipate habari hiyo natembea humu chuoni mdomo wazi. Nakuandikia gazetini, mbele ya watu, kwa sababu sijui uko wapi. Najua tu kwamba wewe na mama yako mlipandishwa meli pale bandari ya Kigoma mkarudishwa kwenu Kongo, ng'ambo ya ziwa. Pengine mama muuza maandazi wa huko atafungia andazi lako kwa ukurasa huu, nawe utaninunua bila kujua.

Acha nikwambie walivyotutembeza, maana hata mimi mwenyewe bado sijaamini. Darasa litakuwa meza moja tu, tumeizunguka pamoja na profesa. Tulipoketi kuijaribu aliniuliza, "Wewe unaonaje?" kisha akanyamaza akisubiri, na mama wa watu alikuwa anasubiri kweli. Kila mmoja atapewa mwalimu wake wa kumlea, ruhusa ya kubaki maktaba wengine wakishatoka, na chumba kidogo cha kusomea chenye jina lake mlangoni. Nilikigusa kitasa cha kile walichosema kitakuwa changu, nikarudisha mkono haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Ila sharti lipo. Likizo zote tutabaki chuoni kufanya utafiti. Na likizo, Furaha, zilikuwa zako. Kila chuo kikifungwa napanda treni mpaka Kigoma, nashinda bandarini nikiuliza abiria na wachuuzi wa mawese wanaotoka ng'ambo kama wanamjua Furaha, binti wa mama mshonaji, mwenye kovu dogo kidevuni. Nikiikubali programu, nani ataniulizia? Wanataka jibu langu kabla ya Ijumaa.

Basi siku hizi nafikiria tu kibaraza cha Baba anaposhonea. Mlifika pale na furushi la nguo na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama yako hakuomba chakula, aliuliza, "Fundi, iko mashine ingine? Miye najua kushona." Baba akamsogezea cherehani ya pili, akamwambia aanze na kola, na ile kola ilipotoka akaigeuza huku na huku bila kupata kasoro. Jioni hiyo mlihamia chumba chetu cha uani kule nyumbani Buzebazeba. Mimi nilinuna kwa sababu nilitakiwa kugawana kitanda na mtu anayelala kwa kujitanua kama yeye ndiye mwenye nyumba.

Ukanizidi darasani ndani ya muhula mmoja, na Kiswahili chetu ulikuwa bado unakikosea. Nikakuomba unipe majibu ya sayansi, ukakataa katakata. "Zuu, weye unasemaka mbio kama vile nani anakufukuza. Elezea Baba. Kama haikumuingia, hata weye haijakuingia." Ukanivuta mpaka kibarazani, ukanisimamisha mbele ya wazazi wetu wawili walioinamia vitambaa, ukaniamuru nifundishe.

Hapo ndipo tulipojifunza ile kanuni ya cherehani. Baba akielewa, miguu yake ilikanyaga na mashine ikakimbia. Tukimwacha njiani, mashine ilisimama, akainua miwani na kusema, "Hapo mmeniacha, wanangu. Rudini." Tukarudi. Siku ulipowaeleza kwa nini dagaa wakitiwa chumvi hutoa maji, cherehani zote mbili zilikimbia mwanzo mpaka mwisho, na mama yako akacheka peke yake kwa raha. Mimi nilikutazama nikaogopa kidogo. Sikuwahi kuona mtoto wa rika langu akiwaelewesha watu wazima jambo wakiwa kazini, wasipoteze hata uzi.

Kisha likaja tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini waende kambini, na lori likawachukua kwenda upande wa Kasulu. Nililia mpaka Kidahwe, maana Baba aliniruhusu niwasindikize mpaka hapo. Wewe ulinishika mkono ukaninong'oneza, "Usilie na sauti, Zuu, Mama naye ataanza. Tutaonana tu, Mungu iko." Miaka ikapita, tukasikia mnarudishwa kwa meli, na nilipofika bandarini meli yenu ilikuwa imeshaondoka.

Sasa sikiliza usaili ulivyokuwa, ucheke. Niliingia kwenye chumba chenye maprofesa wamejipanga, nikawapa shikamoo, nikaambiwa nieleze jambo lolote nilijualo vizuri. Nikachagua ziwa letu, kwa nini maji yake ya chini kabisa hayapandi juu. Nikaeleza kwamba yale ya chini ni baridi zaidi na mazito, hayachanganyiki na ya juu, ndiyo maana hewa haifiki kule na samaki hawaishi. Nilipomaliza, kalamu zote zilisimama. Chumba kimya! Furaha, mtu aliyelelewa kwenye kibaraza chetu akisikia kimya cha namna hiyo anajua kitu kimoja tu, kwamba hajaeleweka. Nikaomba radhi, nikarudi mwanzo, nikaeleza kwa sufuria na kuni. Kimya. Nikarudi tena, safari hii kwa uji unaopoa juu ukiwa bado unaunguza chini, nikagundua katikati ya sentensi kwamba huo uji unanipinga, nikausahihisha mbele yao jasho likinitoka.

Profesa yule wa meza akavua miwani. "Binti, tulikuelewa tangu mwanzo. Tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tunakusikiliza. Nani alikufundisha kurudia namna hiyo?"

Nikataja jina lako. Nililitaja lote, la kwako na la baba yako, mle ndani ya chumba kile, na wakaliandika.

Juzi nilimpigia Baba simu nikamwambia huenda nikakataa, kwa ajili ya bandari. Akaniacha niseme mpaka mwisho, akaitika, "Ego," ile ndiyo ya Kiha anayoitumia akiwa na neno rohoni. Kisha akasema, "Mwanangu, siku Furaha akitokea, akasikia ulikikataa kiti kile kwa ajili yake, utakimbilia wapi? Mimi simo. Nitamshikia fimbo."

Nilicheka, halafu nikalia. Anakujua vizuri mno.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda kusema nakubali. Sitakuwapo bandarini likizo hii, wala ile ijayo. Inaniuma, sitakuficha. Lakini umenikimbiza vya kutosha, Furaha. Nimewauliza watu wa meli mpaka wengine wakiniona tu wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Sasa ni zamu yako.

Mimi sipotei. Ukishuka Dar es Salaam, uliza chuo kikuu, na ukifika chuoni uliza maktaba. Zunguka nyuma yake, panda ngazi, fuata korido mpaka mlango wa mwisho kushoto. Wamebandika jina langu lote pale, kwa herufi kubwa, hata wewe usiyevaa miwani yako utaliona. Usibishe hodi.

Mimi ni mdogo wako uliyegawana naye kitanda,
Zuu