Madoa Upande wa Kitanda

Berea, Johannesburg
Juni 2019

Mama yangu mpendwa, Mama Evarista,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Natumaini uvimbe wa mguu umepungua na kifua hakikusumbui kama mwaka jana. Sisi huku tunaishi. Arlène ana mafua kidogo lakini shule anaenda. Baridi ya Johannesburg ni kavu, inapasua midomo, na nywele za wateja zinakatika mikononi mwangu ninapozisuka.

Barua hii inaletwa na Steve, mtoto wa mzee Bakiri, anayerudi nyumbani kwa mabasi. Nimemwambia aiweke mkononi mwa wifi yangu Gaudensi. Gaudensi, nakuomba umsomee mama mkiwa wawili tu, mlango umefungwa. Si barua ya kusomwa mbele ya kikao.

Mama, baada ya matanga mlinipigia simu. Gaudensi alinifikishia maneno ya ukoo: kwamba watu wa kanisa letu huku wamewaambia nilikuwa napanda bangi chumbani, kwamba hiyo bangi ndiyo niliyomlisha mwanao Ignace mpaka akafa, na kwamba Arlène aletwe Uvira alelewe na ndugu za baba yake. Nilisema sisikii vizuri, mtandao ni mbaya, nikakata. Nilikuwa nasikia kila neno. Nilikata kwa sababu sikuwa tayari kusema ninayokuandikia sasa.

Ni kweli nilipanda. Nitakueleza ilivyokuwa.

Unakumbuka Ignace alipoacha kazi ya ulinzi kule kwenye ghala la Jeppestown, tulikwambia ni mgongo. Kansa ilikuwa imeanzia kwenye figo ikaingia kwenye mifupa. Hospitali walimpiga picha, wakakaa naye, mwishoni wakaturudisha nyumbani na chupa ya kahawia yenye dawa ya maji ya maumivu, ile wanayoiita mofini. Muuguzi alikuwa anakuja kila wiki kumwangalia na kuniuliza kama anakunywa. Mimi ndiye niliyempimia kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Siku ya kwanza niliionja kwa ncha ya ulimi, kama ninavyoonja uji wa mgonjwa. Ilikuwa tamu mwanzoni, halafu chungu inayobaki kooni.

Jirani yetu wa mlango wa pili anaitwa Lerato, mwenyeji wa hapa hapa. Alimuuguza mama yake kwa ugonjwa huo huo. Alinikuta kwenye ngazi nalia, akaniambia, "Eish, Angélique, mama yangu alikuwa anachemshiwa dagga kidogo. Alikula. Alilala." Dagga ndilo jina lao la bangi. Nilimwambia sisi ni watu wa kanisa, na isitoshe ni wageni, polisi wakitukuta tumekwisha. Akasema mwaka jana mahakama yao ya katiba iliamua kwamba mtu mzima anaweza kupanda ndani ya kwake kwa matumizi yake mwenyewe. Kesho yake aliniletea mbegu ndani ya kipande cha karatasi ya choo.

Nilimwuliza Ignace kwanza. Alicheka, Mama, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu. Alisema miaka yote amefukuza vijana wa bangi kwenye mageti ya watu, na sasa imemfuata mpaka chumbani. Akasema panda.

Nilichukua vikopo vya mtindi, nikavitoboa chini, nikajaza udongo. Nililaza ubao juu ya kreti mbili, kuanzia kwenye mto wa Ignace mpaka dirishani, nikaning'iniza taa nyeupe kwenye waya wa pazia. Miche ilitoka, midogo sana, kila mmoja na vijani viwili vya duara, kisha vikafuata vile vyenye meno kama msumeno. Ignace alikuwa anaiangalia kama watu wanavyoangalia televisheni. Nikirudi saluni ananieleza upi umeinuka na upi bado. Jumbe, Mtanzania mmoja wa Bertrams ambaye ana bustani ya mboga nyuma ya nyumba ya wakwe zake, alituambia tusitegemee kitu kabla ya miezi kadhaa. Tulikuwa na subira. Sijui kwa nini tuliamini miezi ipo.

Katika siku hizo likatokea jambo ambalo hatukukwambia. Arlène alirudi kutoka shule, akainama kumbusu baba yake. Ignace alikuwa amekunywa dawa mchana. Alifumbua macho, na aliyemwona hakuwa mtoto wake. Alishika fimbo yake ya kutembelea akaanza kupiga, huku akipiga kelele kwa Kifuliiru kwamba ndani hakuna mtu, nyumba ni tupu, waende zao. Mama, unajua kichwa chake kilikuwa kimerudi mwaka gani wa vita. Ulikuwepo. Arlène hajui Kifuliiru, hata Kiswahili anakisikia tu na kujibu kwa Kiingereza, lakini fimbo ilimpata begani. Alikimbilia kwa Lerato na hakutaka kutoka huko mpaka jioni. Ignace alipozinduka nikamweleza alichofanya, aligeukia ukutani. Hakula siku hiyo.

Muda si mrefu baada ya hapo, miche ikaanza kuugua.

Kwanza niliona vidoa vya njano juu ya majani. Vikapanuka, vikawa kahawia katikati na vyeusi pembeni, kama mtu ameyagusa kwa moto wa sigara. Jani likikauka linajikunja, linaanguka. Nilihangaika, Mama. Utasema ni mimea tu, lakini mimi nilikuwa nimeweka humo kila nilichobakiwa nacho. Nilimleta Jumbe. Alinyanyua kikopo kimoja kimoja akipima uzito kwa mkono, akasema nazidisha maji, mizizi inaoza, niache udongo ukauke ndipo nimwagilie. Nikafanya hivyo. Majani mapya yakatoka safi, kisha yakapata madoa yale yale. Lerato akasema labda nanyunyizia majani na matone yanakaa chini ya taa yanaunguza. Nikaacha kunyunyizia, nikamwaga maji chini tu, nikainua taa. Madoa yakarudi. Muuza miche mmoja niliyemwonyesha picha kwenye simu alisema mbolea imezidi kwa miche michanga. Nikabadilisha udongo wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kijiko. Yakarudi.

Ignace alikuwa ananiangalia nikifanya yote hayo. Aliniambia, "Labda ni ugonjwa wao tu. Iache ife yenyewe." Aliposema hivyo hakunitazama.

Jumapili moja, mimi na Arlène tumetoka kanisani, nilihamisha vikopo vyote nikavipanga sakafuni penye jua, kwa mpangilio ule ule wa ubaoni. Ndipo nilipoona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Miche ya upande wa dirisha ilikuwa mizima, imenyooka, haina hata doa. Iliyougua ni ya upande wa kitanda, na uzima ulianzia pale ambapo mkono wa mtu aliyelala haufiki. Niligeuza majani. Chini yake hapakuwa na mdudu wala ukungu, na madoa yalikuwa juu tu, hayana umbo, mengine yamefuatana kama michirizi ya kitu kilichomwagwa kwa haraka. Kwenye udongo wa vikopo hivyo walikuwepo sisimizi. Kwenye vingine hawakuwepo. Nikapitisha kidole juu ya jani moja, kikanata. Nikakilamba. Kilikuwa kitamu, halafu uchungu ukabaki kooni, kama ile dawa.

Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu siku ya fimbo."

Nilikuwa nampa kikombe cha dawa kisha nageuka kuchukua maji ya kumnawisha. Alikuwa anaimwaga pale nikigeuka. Nilikasirika, nikamwambia kumbe ananiacha nizunguke mji mzima kutafuta ugonjwa wa majani na anaujua. Alisema alitaka kuniambia, lakini aliniona nilivyokuwa nafurahi na ile miche, akashindwa. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau. Alisema, "Maumivu ni yangu, nayajua. Yule mwenye fimbo simjui. Arlène akiingia, nataka anikute mimi." Akaniomba nisimwambie muuguzi, maana wakijua watamletea sindano. Nikamwahidi.

Kwa hiyo, Mama, muuguzi alipouliza kama anakunywa, nilijibu ndiyo. Kipimo cha kila siku nilikimwaga mimi mwenyewe kwenye sinki. Miche niliisogeza yote dirishani, na ikaanza kupona, lakini ilikuwa bado haijazidi urefu wa kidole.

Sitakudanganya kwamba siku hizo zilikuwa mbaya zote. Asubuhi alikuwa anauma taulo. Mchana alikuwa anauma taulo. Lakini ikikaribia saa ya Arlène kurudi ananiambia nimnawishe na nimwegemeze kwenye mito, na mtoto akiingia anamkuta baba yake. Walifanya hesabu za shule pamoja. Yeye anasema Kiingereza, baba anajibu Kiswahili, wanaelewana. Jasho lilikuwa linamtiririka Ignace na anatabasamu. Alimwomba msamaha kwa lile bega, na Arlène akamwambia, "It's fine, Papa," akaegemea mkono wake.

Kisha maumivu yakazidi nguvu zake. Hakuweza tena kuguswa, hata shuka lilimuumiza. Sauti ilikuwa inatoka bila yeye kutaka, majirani wakawa wanagonga ukuta. Arlène akaacha kuingia. Alikuwa akirudi shuleni anakaa kwenye ngazi na begi mapajani, ameziba masikio, mpaka nimfuate. Ignace alikuwa ananiuliza, "Bado hajarudi?" Nami najibu bado. Nilimwambia anywe kidogo, hata nusu. Alikataa. Nilimwomba nimepiga magoti. Alinikumbusha ahadi yangu.

Sasa, Mama, nifikie pale ambapo sikuwahi kumfikisha mtu yeyote, hata mchungaji.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho nilichemsha chai ya maziwa, nikaweka sukari nyingi na tangawizi nyingi, nikaweka na dawa. Ilikuwa kipimo kile kile alichoandika daktari, sikuzidisha hata tone. Nilimwinua kichwa. Alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, akanywa yote, akaniambia, "Asante. Leo chai imekolea." Baada ya muda akalala. Chumba kikawa kimya, na kwa sababu ya kimya hicho Arlène aliporudi aliingia mwenyewe. Alikaa kitandani akamweleza jaribio la shule alilofaulu. Baba yake hakujibu.

Jioni nilimpa tena. Kesho yake nikampa tena. Nilikuwa nimeshasikia kimya na sikuweza kurudi kwenye zile sauti. Ijumaa alifumbua macho, Arlène amemshika mkono. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole, kisha akaniuliza mimi huyu mtoto ni wa nani. Jumamosi asubuhi alikata roho.

Kwenye simu niliwaambia alilala tu. Ni kweli alilala. Muuguzi alinihakikishia kwamba si dawa iliyomuua, kwamba mwili ulikuwa umekwisha, na mimi naamini. Lakini aliniomba kitu kimoja tu katika ugonjwa wote ule, awepo mtoto wake akiingia, na mimi nilimwondoa bila kumwambia.

Ile bangi, Mama, haikuwahi kufika mdomoni mwake, hata jani moja. Baada ya mazishi niliing'oa yote nikaitupa. Waambieni hivyo wanaosema. Na kama ukoo unatafuta neno la kunishtaki nalo, lisiwe hilo la bangi, kwa sababu ni uongo. Liwe hili nililokuandikia. Nimekupa wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyemzaa.

Kuhusu Arlène, bado ananiuliza kwa nini Papa alisema vile siku ya Ijumaa. Namwambia ni ugonjwa. Shule zikifungwa Desemba nitamleta mwenyewe umwone, na kama baada ya kusikia haya utaona hafai kukaa na mimi, tutaongea mimi na wewe, uso kwa uso. Naomba tu asichukuliwe kwa kikao nisichokuwemo.

Nisalimie baba Obadia na watoto wote wa nyumba. Msalimie na wifi yangu Gaudensi, ambaye najua sauti yake imechoka kufika hapa; Gaudensi, nisamehe kwa kukubebesha mzigo wa kuyatamka. Arlène anakusalimu, amenifundisha namna anavyotaka niandike: kwamba bibi asitembee sana na ule mguu.

Nabaki kuwa mkwe wako, ukinikubali,

Angélique